Kutoka pima moja hadi pwani nzima: namna ya kuhesabu samaki wa miamba ya matumbawe

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhesabu samaki tulipanda barazani katika kijiji kimoja cha pwani tukiwa na habari njema: sehemu iliyofungwa ina samaki mara tatu ya sehemu inayovuliwa. Wazee walitusikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja, aliyetega dema maisha yake yote, akauliza, "Huko mlikofunga mlihesabia wapi?" Mteremko wa nje, tukamjibu, kina cha mita 8. "Na huku tunakovua?" Ndani ya mwamba, mita 2, karibu na majani ya bahari. Akatikisa kichwa. "Wanangu, nje ya mwamba palikuwa na samaki kuliko ndani hata kabla hamjazaliwa."

Alisema kweli, nami niliona haya. Idadi tulizoandika zilikuwa sahihi, ila tofauti ya ndani na nje ya mwamba tuliiita tofauti ya kufunga na kuvua. Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu kujifunza kuhesabu samaki huanza na swali moja kabla ya majina ya samaki na kabla ya kushika ubao: tofauti unayoiona inakaa kwenye ngazi gani?

Mwongozo huu nimewaandikia kamati za wavuvi, vikundi vya BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), wanafunzi, na waongozaji wanaopeleka wageni majini. Vifaa ni miwani ya kuzamia, mrija, mapezi ya miguuni, tepu ya mita 50, ubao wa plastiki na penseli. Miamba mingi ya ndani inahesabika kwa kuelea juu ya maji tu, bila mtungi wa hewa.

Zijue ngazi nne kabla hujalowa

Ngazi ya chini kabisa ni ya pima chache. Elea juu ya tumbawe la matawi, lile linalofanana na kichaka, utulie dakika mbili. Utaona samaki wadogo weupe wenye mistari myeusi mitatu wakining'inia juu ya matawi, kila mmoja akidokoa vitu visivyoonekana vinavyopita na maji. Sogeza mkono, wote wanazama matawini kwa pamoja kama watoto wanaokimbilia ndani mvua ikianza. Tumbawe hili lina thelathini. Geuka, pima moja kutoka hapo lipo tumbawe la aina ileile, ukubwa uleule, kina kilekile, na halina hata mmoja.

Sababu kubwa ni kwamba samaki hawa hawakuzaliwa hapo. Mayai yakishaanguliwa, watoto huchukuliwa na maji, wakakaa baharini siku nyingi, ndipo hushuka kwenye mwamba. Yule samaki wa rangi ya machungwa anayeishi ndani ya anemoni hupeperuka siku kumi hivi. Kangaja wengi hukaa zaidi ya mwezi. Nani atashuka wapi, usiku gani, na kama patakuwa na nafasi, hilo lina bahati nyingi ndani yake. Mtafiti Peter Sale, aliyefanya kazi kwenye mwamba mkubwa wa Australia miaka ya 1970, aliufananisha mchezo huu na bahati nasibu: nafasi ikitokea, anaichukua aliyefika kwanza. Wataalamu walibishana naye kwa miaka mingi juu ya kiasi gani cha bahati na kiasi gani cha mpangilio. Kwako wewe unayehesabu, jambo la kushika ni hili: pima mbili jirani zinaweza kutofautiana sana, na tofauti hiyo isiwe na maana yoyote kwa uamuzi wa kijiji.

Ngazi ya pili ni mwamba mmoja, kutoka ndani kwenda nje. Hapa bahati inapungua na mpangilio unajitokeza, kila mvuvi anaujua. Ndani, penye majani ya bahari na maji tulivu, kuna tasi, changu doa, na pono wadogo. Juu ya mgongo wa mwamba, mawimbi yanapopasuka, yupo kangaja mwenye mistari ya manjano na buluu ambaye anamiliki kipande chake cha mwani na kumfukuza kila anayekisogelea, hata mzamiaji. Ukivuka mgongo ukashuka mteremko wa nje, makundi ya mbono yanajaa katikati ya maji yakila kinacholetwa na mkondo, chewa wamejificha kwenye mapango, kolekole wanapita kwa kasi. Nguvu ya mawimbi, mwanga, kina, mashimo ya kujificha na chakula kinachoelea hubadilika ndani ya mwendo wa mita mia tatu tu, na samaki wanabadilika navyo.

Ngazi ya tatu ni ya miamba jirani, ile unayoimaliza kwa siku moja ya ngalawa. Hii ndiyo ngazi ambayo maamuzi ya watu huonekana, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kisite, nje ya Shimoni, uvuvi umezuiwa tangu hifadhi ilipotangazwa miaka ya 1970. Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Chumbe, karibu na mji wa Unguja, imefungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga kipande chao mwaka 2005, wakakiita tengefu. Ukitoka kwenye maeneo haya ukaenda mwamba wa jirani unaovuliwa kwa juya na bunduki za mishale, mabadiliko hayaishii kwenye idadi. Aina zinabadilika, ukubwa unabadilika, na hata chini panabadilika.

Mfano mzuri ni kikande mwenye mistari ya machungwa. Kazi ya Timothy McClanahan na wenzake kwenye pwani ya Kenya, iliyoanza miaka ya 1980, ilionyesha kwamba kikande huyu ni mlaji mkubwa wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wanaochoma miguu ya kina mama wanaochokoa pweza. Kikande huingia kwenye dema upesi, na uvuvi ukizidi humalizika mapema. Akiondoka yeye, viumbe wa miiba wanaongezeka mno, wanakwangua mwamba kutwa kucha, matumbawe machanga yanakosa pa kushikia, na mashimo yaliyokuwa nyumba za samaki wengine yanalika. Kwa hiyo ukifika mwamba ukaona miiba imejaa kila ufa, tayari umeshaambiwa habari za samaki kabla hujahesabu hata mmoja. Hesabu na miiba pia.

Lakini uvuvi si sababu pekee kwenye ngazi hii. Mwamba ulio mbele ya mdomo wa mto hupata matope. Mwamba ulio karibu na mikoko na majani hupata watoto wa samaki wanaokulia humo kisha huhamia. Ghuba ya Chwaka, Unguja, imechunguzwa sana kwa sababu hiyo. Mafia, miamba iliyojikinga ndani ya Ghuba ya Chole haifanani na ile ya mashariki inayopigwa na bahari wazi, ingawa yote iko ndani ya hifadhi moja iliyotangazwa mwaka 1995. Na pale ambapo baruti ilipigwa zamani, vifusi vya matumbawe vinaweza kubaki vikibiringika miaka mingi baada ya mlipuko wa mwisho.

Ngazi ya nne ni pwani nzima. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki hugonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukagawanyika. Tawi la kaskazini hupita Mtwara, Mafia na Unguja hadi Kenya. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka kusini na miwili hiyo hukutana nje ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Ndiyo maana miamba ya Kiunga, maji yake yakiwa baridi zaidi na yenye rutuba, haifanani na ya Mtwara. Pemba nayo ina habari yake: imetengwa na bara kwa mkono wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, wakati Unguja na Mafia zimekaa kwenye kitako cha bara chenye kina kifupi na ziliungana nalo bahari ilipokuwa chini zama za barafu. Ukizama ukuta wa Pemba, bahari kuu iko mlangoni, na samaki wa bahari kuu hupita karibu.

Ndugu zetu walioko Oman watakuambia makubwa zaidi. Dhofar, wakati wa kharifu, yaani msimu wao wa pepo za kusi, maji baridi hupanda kutoka chini na mwani mkubwa humea pembeni ya matumbawe, jambo ambalo huku kwetu halipo. Na yule kangaja wetu wa mistari anayelinda mgongo wa mwamba, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Ghuba nafasi yake imeshikwa na jamaa yake mwingine, sohal, mkali vilevile. Kazi ni ileile, aliyeajiriwa ni mwingine.

Hatua ya kwanza: andika swali, kisha liwekee ngazi

Andika swali lako kwa sentensi moja juu ya karatasi, halafu andika pembeni yake ngazi unayoiuliza. "Je, kufunga kumesaidia?" ni swali la ngazi ya tatu. "Je, tasi wadogo wanakulia wapi?" ni la ngazi ya pili. "Kwa nini Lamu haina samaki fulani ambao Mtwara wanao?" ni la nne, na kikundi kimoja hakiwezi kulijibu peke yake. Ukishajua ngazi yako, zile nyingine hazifutiki. Zinabaki kuwa kelele ambayo lazima uipange, isije ikafunika sauti unayoisikiliza.

Hatua ya pili: chora ramani na wanaoujua mwamba

Kabla ya kununua tepu, kaa na wavuvi wa zamani na kina mama wa pweza. Chora mchangani au kwenye karatasi kubwa: milango ya mwamba iko wapi, mafungu, vichwa vya matumbawe, majani, mahali mto unapotema maji ya matope, mahali palipowahi kupigwa baruti. Kila sehemu ina jina, na jina lenyewe mara nyingi ni taarifa. Kwangu mimi hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote. Ukiiruka utalipa baadaye, kama nilivyolipa mimi mbele ya baraza zima.

Kwenye ramani hiyo weka alama za tabaka: ndani, mgongo, mteremko wa nje. Halafu tafuta tabaka lipi linapatikana pande zote mbili unazotaka kulinganisha. Ikiwa sehemu iliyofungwa haina majani ya bahari kabisa, basi majani hayaingii kwenye ulinganisho. Yahesabu ukitaka, lakini uyaandike peke yake.

Omba ruhusa mapema. Ndani ya hifadhi Tanzania Bara utapitia mamlaka ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Na kila mahali, hata pasipo na hifadhi, kamati ya wavuvi ya pale ijue mnaingia lini na kwa nini.

Hatua ya tatu: pachika ngazi ndani ya ngazi

Hapa ndipo mwongozo huu unapotofautiana na kuhesabu kwa mazoea. Mstari ni njia unayoitandazia tepu na kuhesabu samaki waliomo ndani yake; usiweke mistari yote mahali pamoja penye samaki wazuri. Gawa hivi, kwa mfano:

pande 2 (iliyofungwa na inayovuliwa)
× miamba 3 kila upande
× matabaka 2 kila mwamba (ndani na mteremko wa nje)
× mistari 4 kila tabaka
= mistari 48

Kila mstari una urefu wa mita 50 na upana wa mita 5, yaani mita za mraba 250. Kikundi cha watu wawili majini na mmoja chomboni kinaweza kumaliza mistari sita kwa siku bila kuchoka, kwa hiyo kazi ni siku nane.

Kila namba hapo ina sababu. Mistari minne inapima kelele ya pima chache, ile bahati nasibu. Matabaka mawili yanazuia kosa langu la mwaka wa kwanza. Miamba mitatu kila upande ndiyo ambayo watu huipunguza kwanza pesa zikiwa haba, na ndiyo isiyofaa kabisa kupunguzwa: ukiwa na mwamba mmoja tu uliofungwa na mmoja tu unaovuliwa, hata ukipiga mistari mia moja kila upande, bado hujui kama tofauti ni ya kufunga au ni ya miamba miwili ambayo ilikuwa tofauti toka zamani. Bajeti ikibana, punguza mistari hadi mitatu, uache miamba.

Vipi kama kijiji kimefunga mwamba mmoja tu? Ndivyo ilivyo mara nyingi. Basi tafuta miamba mitatu au minne inayovuliwa ya kulinganisha nao, na kama bado hamjafunga, hesabuni kabla ya kufunga. Hesabu ya kabla ina thamani kuliko kumi za baadaye.

Mistari ipachikwe kwa kubahatisha. Toa namba kutoka kwenye mfuko, hizo ndizo hatua za kupiga mapezi kutoka kwenye nanga hadi mwanzo wa mstari. Jicho likiachwa lichague, litachagua penye uzuri.

Hatua ya nne: funza macho

Macho yanadanganya majini. Kupitia kioo cha miwani kila kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja, hivyo samaki wa sentimita 30 utamwona kama wa 40. Na kwa kuwa uzito hukua kwa mchemraba wa urefu, kosa hilo dogo la urefu litakuzidishia uzito zaidi ya mara mbili. Kata vipande vya bomba la plastiki vya urefu mbalimbali, kuanzia sentimita 5 hadi 60, vifunge kwenye kamba, mwenzako avitandaze chini ya maji, nawe ukisie kimoja kimoja na kuandika. Rudia mpaka makisio yako yasipishane na ukweli kwa zaidi ya sentimita 5. Wengi huchukua siku mbili au tatu. Fanya tena asubuhi ya kila siku ya kwanza majini, kwa sababu macho husahau.

Majina nayo yana mitego miwili. Kwanza, samaki mmoja ana majina mengi: tasi wa mahali pamoja huitwa chafi au tafi mahali pengine. Tengenezeni orodha moja yenye jina la pale na jina la kisayansi, au sivyo mtu wa ngazi ya nne atakayeunganisha hesabu za vijiji kumi ataona aina tatu mahali palipo na moja. Pili, samaki mmoja ana sura nyingi. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wa rangi ya udongo, kisha baadhi yao hugeuka madume ya kijani na buluu. Nimeona orodha za wanaoanza zenye aina kumi na mbili za pono ambazo kwa kweli zilikuwa saba. Msipokuwa na uhakika, andikeni "pono" basi. Kundi sahihi ni bora kuliko jina la kubuni.

Si lazima kuhesabu kila kitu. Kwa kijiji kinachoanza ningechukua makundi haya: pono, kangaja na puju, tasi, changu, chewa, mkundaji, kikande, na kitatange. Kitatange sokoni hana bei, ila aina zake kadhaa hula matumbawe yenyewe, hivyo anakueleza hali ya mwamba.

Hatua ya tano: chagua siku na maji

Pwani yetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, na yanapokupwa huvuta uchafu wote wa mikoko kuuleta mwambani. Hesabu wakati wa maji mafu, au maji yakiwa yamejaa na kusimama. Mistari yote ya ulinganisho mmoja ipigwe kwenye hali moja ya maji. Samaki wengi huingia juu ya mwamba maji yakijaa na kutoka yakipwa, hivyo ukihesabu upande mmoja kwenye maji makuu na mwingine kwenye maji madogo, umehesabu maji.

Msimu ufuate bahari. Tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, na katikati ya kaskazi penye utulivu, maji huwa angavu zaidi. Wakati wa kusi mteremko wa nje haupigiki mbizi sehemu nyingi, na msilazimishe. Mkichagua mwezi wa pili, basi kila mwaka uwe mwezi wa pili, maana watoto wa samaki hushuka mwambani kwa misimu, na hesabu ya mwezi mwingine itawapa ongezeko au pungufu ambalo ni kalenda tu. Saa ziwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Hatua ya sita: majini

Mmoja anatandaza tepu, mwingine anahesabu akiwa mbele ya tepu, ili samaki wasitishwe kabla hawajaonekana. Ogelea polepole, dakika 10 hadi 15 kwa mita 50. Pita mara mbili: mara ya kwanza samaki wakubwa wanaokimbia, kwa upana wa mita 5; mara ya pili, ukirudi, wale wadogo wanaokaa matawini, kwa upana wa mita 2 tu. Samaki akiingia kwenye mstari kutoka nyuma yako, usimhesabu. Kundi la mbono la mia mbili usijaribu kuhesabu mmoja mmoja: hesabu kumi, uone kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha kadiria.

Andika pia kina, hali ya maji, umbali unaoona, na hali ya chini: matumbawe hai, mwani, mchanga, vifusi, miiba mingapi. Mbizi ya mchana haiwaoni mkunga wala samaki wa usiku waliojificha mapangoni. Hilo halidhuru, maadamu kila mstari umefanywa vilevile.

Msiingie wawili bila chombo cha kuwaangalia. Mkondo ukianza kuvuta kwenye mlango wa mwamba, acheni mstari nusu na mtoke. Mwamba utakuwepo kesho.

Hatua ya saba: geuza idadi kuwa kilo

Idadi pekee hupotosha, kwa sababu samaki ishirini wa kidole si sawa na wawili wa kilo. Njia ya haraka kwa samaki wengi wenye umbo la kawaida: zidisha urefu kwa urefu kwa urefu, kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.02, upate gramu. Hifadhidata ya FishBase ina vipimo vya kila aina ukitaka usahihi zaidi. Tuseme mstari wako una pono 10 wa sentimita 20, pono 3 wa sentimita 30, na changu mmoja wa sentimita 40. Wa kwanza wana gramu 160 kila mmoja, jumla kilo 1.6. Wa pili gramu 540 kila mmoja, jumla kilo 1.62. Changu huyo mmoja ana kilo 1.28, karibu sawa na pono wadogo wanane. Jumla ni kilo 4.5 kwenye mita za mraba 250. Zidisha mara 40 upate hekta: kilo 180.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya hesabu za miamba zaidi ya 800 duniani, ulikadiria kwamba mwamba usiovuliwa hubeba takriban kilo 1,000 kwa hekta. Kipimo hicho ni wastani wa dunia, kwa hiyo usikichukue kama hukumu ya mwamba wako. Kinakusaidia kujua upo wapi.

Hatua ya nane: tafuta tofauti inakaa wapi

Sasa panga karatasi zako. Kwanza linganisha aina za samaki. Chukua orodha mbili, hesabu aina zilizomo kwenye zote mbili, zidisha kwa 2, gawa kwa jumla ya aina za orodha ya kwanza na ya pili. Jibu likikaribia 1, zinafanana. Likikaribia 0, ni dunia mbili. Tuseme mistari miwili ya ndani ina aina 24 na 20, na 16 ni za pamoja: 32 gawa kwa 44 ni 0.73. Tuseme tabaka la ndani lina aina 22, la nje 30, za pamoja 9: 18 gawa kwa 52 ni 0.35. Hapo mwamba umekwambia kwamba kwenda nje kunabadilisha samaki kuliko kwenda pembeni.

Kisha kilo. Tafuta wastani wa mistari minne ya kila tabaka la kila mwamba, uchore nukta kwenye karatasi ya miraba: miamba iliyofungwa kushoto, inayovuliwa kulia, ndani kwa rangi moja, nje kwa nyingine. Usiangalie wastani mkuu kwanza. Angalia miamba mitatu ya upande mmoja imetawanyika kiasi gani. Ikiwa pengo kati ya miamba iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe ni kubwa kuliko pengo kati ya iliyofungwa na inayovuliwa, huna haki bado ya kusema kufunga ndiko kulikoleta tofauti. Ikiwa miamba yote mitatu imekaa juu ya mingine yote, na ndani na nje vilevile, sasa una neno la kusema.

Na usisahau ngazi ya nne, ambayo mara nyingine hushuka na kuponda zote. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na matumbawe yalipauka tena 2016 na 2024. Kitatange wakipungua kila mwamba kwa wakati mmoja, uliofungwa na usiofungwa, mlinzi wa kijiji hana lawama. Kikundi chenye mwamba mmoja tu hakiwezi kulijua hilo. Kikundi kinachobadilishana hesabu na wenzao wa Tanga, Kwale na Mafia kitalijua mwaka huohuo.

Hatua ya tisa: rudi barazani

Peleka ile ramani mliyochora siku ya kwanza, na juu yake weka namba. Usipeleke asilimia. Sema: "Mteremko wa nje, fungu lile, mstari mmoja, kilo nne na nusu, mwaka jana kilo tatu." Sema na mlichopata ndani, hata kama hakipendezi. Waache wavuvi waulize, na maswali yao yaandikwe kwenye ubao uleule wa plastiki, kwa sababu mstari wa mwaka kesho utaanzia kwenye mojawapo ya maswali hayo.

Yule mzee wa dema nilirudi kwake mwaka uliofuata nikiwa na mistari ya ndani na ya nje, pande zote mbili. Aliinama juu ya karatasi muda mrefu, akaweka kidole kwenye nukta moja ya ndani iliyokuwa juu kuliko zenzake, akasema, "Hapa kuna kisima cha maji matamu kinachotoka chini. Mwakani pigeni mstari upande wa pili wake."

Tulipiga.